"Hataki kuvaa": kumvisha mzee mwenye ugonjwa wa kusahau

Asubuhi moja nilimwekea mama dera kitandani nikaenda kuteleka chai. Niliporudi, robo saa imeshapita, yeye yuko palepale, dera mapajani, anakunja upindo wake kwa vidole, anaukunjua, anaukunja tena. Nikasema kwa sauti ambayo hadi leo nikiikumbuka inanisuta: "Mama, si nilikuambia uvae?" Akanitazama kwa mshangao. "Si ndiyo navaa." Na kwa akili yake alikuwa anavaa kweli.

Mama alikuwa na demensia, ule ugonjwa wa kusahau ambao mtaani kwetu Tanga wengine huuita uzee tu, na wengine husema fulani karudi utotoni. Uzee ni kitu kingine. Huu ni ubongo unaoharibika, mara nyingi kwa ugonjwa wa Alzheimer, mara nyingine kwa viharusi vidogovidogo vinavyopita bila mtu kujua, na kumbukumbu ni kimoja tu kati ya vinavyoliwa. Kuvaa nguo kunatumia karibu vyote vilivyobaki: kutambua kwamba hili ni shati, kujua mbele na nyuma, kupanga kipi kitangulie, kusimama kwa mguu mmoja bila kuanguka, kukumbuka ulikuwa umefika wapi. Uzi ukikatika popote hapo, wewe uliyesimama pembeni unaona jambo moja tu: hataki kuvaa. Nimepanga kwa maneno tunayoyasema majumbani tukichoka, kisha nikaweka sababu na kilichosaidia.

"Juzi alivaa mwenyewe, leo hawezi kabisa"

Hili nalitanguliza kwa kuwa halisubiri. Demensia kwa kawaida humshusha mtu polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyebadilika ndani ya siku moja au mbili huenda ana jambo jingine juu yake: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, choo kilichofunga siku kadhaa, au dawa mpya. Wazee wengi wakiugua hawapandi homa ya kuonekana, na mwenye demensia hatakuambia mkojo unamchoma. Utaona tu kwamba amechanganyikiwa kuliko jana na hataki kuguswa.

Angalia hata dawa za duka la mtaani. Piriton anayopewa kwa mafua au kuwashwa, na amitriptyline ya usingizi au maumivu ya neva, zinajulikana kuwazidishia wazee kuchanganyikiwa. Usiikatize dawa aliyoandikiwa bila kuuliza. Beba pakiti zote unapompeleka, na kama ni hospitali ya serikali hapa Tanzania ulizia dirisha la wazee. Lakini ukiona mkono mmoja umelegea ghafla, mdomo umepinda au maneno hayatoki sawasawa, huenda ni kiharusi. Hapo achana na nguo, mtupie khanga mwende.

"Anakaa tu ameishika nguo"

Hajakataa. Mfuatano ndio umempotea. "Vaa nguo" kwako ni neno moja, kwake ni hatua ishirini zilizomwagwa chini kwa mkupuo.

Rundika nguo kwa mpangilio wa kuvaliwa, ya kwanza ikiwa juu kabisa: chupi, gagulo, dera, mtandio. Ikishindikana, mpe moja moja mkononi, imeshageuzwa upande wake, tundu la kichwa limefunguliwa wazi. Sema hatua moja: "Ingiza mkono hapa." Kisha nyamaza. Huko kunyamaza ndiko kunakotushinda sisi tunaowahi daladala. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla hujarudia, na ukirudia tumia maneno yaleyale, kwa sababu ukiyabadilisha anayapokea kama agizo jipya na kuanza upya. Redio izimwe, watoto watoke chumbani, na msiseme watu wawili kwa pamoja.

Mara nyingi kinachokwama ni kuanza tu. Mama nikimwingizia mkono wa kwanza, wa pili aliuingiza mwenyewe bila kuambiwa. Mikono ina kumbukumbu yake. Baba yangu mdogo, naye aliugua hivihivi, alishindwa zipu na mkanda mapema sana, lakini kikoi alikifunga hadi mwaka wake wa mwisho: anakizungusha, anakunja ukingo wa juu, kimekaa. Watoto wake walikuwa wakimlazimisha suruali ili apendeze mbele za wageni, na kila asubuhi ilikuwa vita. Walipomrudishia kikoi vita ikaisha. Basi chunguza mzee wako alizoea nini tangu ujanani, hicho ndicho kitakachokawia kumtoka. Na anachoweza kukifanya, hata kama ni kifungo kimoja, mwache akifanye ingawa anachelewa, maana kazi ukimpokonya leo, kesho hataiweza tena.

Kuna na macho. Mboni zinaweza kuwa nzima lakini ubongo usitofautishe kilicho juu na kilicho chini. Dera jeupe juu ya shuka jeupe halionekani. Khanga ya maua juu ya shuka la maua ndiyo kabisa. Mama alikuwa akijaribu kuyachuma yale maua. Tandika shuka la rangi moja nyepesi, nguo iwe ya rangi nzito, na fungua dirisha mwanga uingie.

"Ukimuuliza avae nini, anakuja juu"

Swali lenyewe ndilo kosa. "Utavaa nini leo?" linamtaka akumbuke nguo zote alizonazo, azipime, achague, na ajue leo ni leo. Akishindwa anaona aibu, na aibu ya mtu mzima hutoka kwa sura ya hasira. Shika nguo mbili mbele ya macho yake: "Hili la bluu, au hili la kijani?" Atagusa moja. Siku ambayo hata mbili ni nyingi, leta moja na uisifie: "Mama, Ijumaa leo, nimekuletea lile ulilovaa arusini." Siku ya ibada ina nguvu ya ajabu. Wapo wasiojua mwaka lakini ukiwaambia ni Jumapili ya kanisani wanaanza wenyewe kunyoosha kola.

Ikiwa kila ukigeuka amemwaga kabati zima sakafuni, lipunguze. Bakiza nguo za siku tatu au nne, nyingine zifungie kwenye sanduku nje ya chumba. Nilifanya hivyo kwa siri usiku, na sikuulizwa hata moja.

"Ndilo hilohilo kila siku, wala halifuliki"

Sababu inaweza kuwa nyepesi: nguo hiyo anaitambua, nyingine zote ni za mtu fulani asiyemjua. Au anaamini ameivaa sasa hivi, hivyo kwake ni safi. Pua nazo hufifia kwa ugonjwa huu, harufu unayoinusa wewe huenda yeye haimfikii. Ukimwambia "unanuka" umemtukana tu.

Nenda kwa fundi cherehani na dera hilo, ashone jingine la kitambaa hichohicho au cha kukaribiana. Kwa khanga kazi hiyo imeshafanywa, kwani zinauzwa kwa doti: vipande viwili sawasawa, pindo lilelile, jina lilelile. Zamani nilidhani doti ni ya kiunoni na kichwani tu. Kwa mama kipande kimoja kilivaliwa, pacha wake akawa kambani. Nilimbadilishia anapotoka kuoga au akilala, na yule mchafu aliondoka chumbani saa hiyohiyo, kwa sababu wakionana wawili imekuwa kesi.

Zile safi nilizifukiza udi kidogo, mwenyewe nikiwa nimesimama na chetezo, sikumwachia moto. Nasema pua hufifia halafu nasema udi, najua, lakini mama ukimfungulia khanga iliyofukizwa alikuwa akiivuta usoni kabla hajaulizwa. Na alibaki anasoma. Kila asubuhi alilisoma jina la khanga kwa sauti, "Wema hauozi," akacheka kana kwamba kaliona leo, na wakati anacheka mkono umeshapita.

"Ananipiga nikimvua"

Hapa tulie, sababu ni nyingi na zinafanana kwa nje.

Ya kwanza ni haya. Mtu mzima anavuliwa nguo na mtu ambaye kwa dakika hiyo hamtambui, wewe ungefanyaje? Anza kwa salamu, kabla hujagusa kitu. Piga goti, mtazame, "Shikamoo mama," ngoja "marahaba" yake. Mama alipokuwa ameshalisahau jina langu, marahaba bado ilitoka, na ikitoka mwili wake ulilegea. Tena usimwache uchi hata kidogo. Wanawake wa pwani wote tunajua kubadili khanga ya maji kisimani au baharini: unajifunga ile kavu juu ya ile mbichi, ndipo mbichi inavutwa kwa chini. Mfanyie vivyo hivyo. Mfunike khanga pana, dera litoke chini yake, jipya lipite kichwani juu yake, halafu khanga ndiyo ya mwisho kuvutwa. Kwa mwanamume tumia kikoi au taulo.

Inayofuata ni nani anamvua. Mtoto wa kiume kumvisha mama yake, mkwe kumvisha mkwewe, ni mzigo kwa wote wawili, na ugonjwa hauufuti mzigo huo; adabu za mwili hukaa ndani sana. Mjukuu ana nafasi yake. Kati ya bibi na mjukuu, babu na mjukuu, kuna utani, na kwenye utani jambo zito linapita. Binti wa dada yangu, wa miaka kumi na tisa, aliingia na "Haya mke mwenza, tujipambe, mume wetu anakuja," na mama ambaye alikuwa amenikwangua mkono dakika tano nyuma akamjibu, "Wewe na sura hiyo, atakutazama nani?" Akavaa. Usiwageuze wajukuu kuwa wauguzi, nao wana maisha yao, ila saa ngumu waite.

Ya tatu ni maumivu. Akikunja uso, akiguna, akiushikilia mkono wake kifuani pindi unapouinua, usimwite mkaidi. Bega la mzee linaganda, magoti yana baridi yabisi, ngozi ni nyembamba. Mpeleke akaonwe, na kama ana dawa ya maumivu aliyoandikiwa, mwulize daktari kama inaweza kunywewa nusu saa kabla ya kuvaa. Acha nguo za kupitishia kichwani, tumia za kufunguka mbele. Geuza na nguo yenyewe uikague: lebo inayokwaruza, mshono mgumu, mpira wa chupi ulioacha alama.

Halafu kioo. Wapo wanaomwona humo mtu mgeni amesimama anawatazama wakivuliwa. Ukisikia "mtoe huyo kwanza," usibishe, tupia khanga juu ya kioo.

Akishapanda hasira, ondoka. Mfunike, sema "sawa mama," rudi baada ya robo saa na sura nyingine. Mara nyingi alishasahau ugomvi. Ni mimi niliyerudi bado nimeununia.

"Mkono haupiti, mguu unaingia kusiko"

Haya ni ya ufundi tu. Mkalishe kwenye kiti imara chenye egemeo au ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage chini. Asisimame mguu mmoja kamwe. Kwa suruali, ingiza miguu yote miwili akiwa amekaa, vuta hadi magotini, kisha asimame mara moja tu, polepole, kwani wazee wengi, hasa walio kwenye dawa za presha, hushikwa na kizunguzungu wakiinuka.

Kwa shati, chomeka mkono wako kuanzia mwisho wa mkono wa shati, umpokee kiganja chake kwa ndani, halafu uvute nguo. Usivute mkono wa mzee. Vidole vikitanuka na kunasa, mpe cha kushika, leso au tasbihi, ngumi ipite imefungwa. Aliyepooza upande: upande mbovu unavishwa kwanza na kuvuliwa mwisho. Watu wanakosea hilo kila siku na kuumiza bega.

Fundi wa mtaani anamaliza mengi kwa pesa ndogo. Mwambie atoe zipu ya suruali aweke mpira kiunoni. Vifungo vya shati vibaki kwa pambo, chini yake ashone utepe wa kunata. Mzee bado anaonekana ana shati la vifungo. Dera lipunguzwe urefu lisikanyagwe. Na ile khanga ya kiunoni iliyozoea kufumuka fundo, ishonwe mpira kama sketi.

"Jua lote hili kavaa sweta"

Huenda anasikia baridi kweli. Mwili wa mzee umepungua mafuta na damu yake inazunguka taratibu, na ubongo ulioharibika hupokea vibaya taarifa za joto. Mguse shingoni kwa nyuma au mgongoni, mikono huwa ya baridi hata akiwa anatoka jasho. Pakavu, mwache na sweta lake. Palipolowa, badilishana naye: khanga ya pamba mabegani ndipo sweta litoke, asibaki wazi katikati. Na maji ya kunywa yawe karibu. Kama amevaa madera matatu kwa mpigo ni kwa kuwa kila alipoliona moja alidhani hajavaa. Ondoa yaliyo mbele ya macho yake.

Sidiria juu ya gauni, fulana ndani nje, soksi mbili tofauti? Jiulize litamwangusha, litambana, litamuaibisha mbele ya watu? Kama hapana, nenda kanywe chai yako.

"Anavua nguo mbele za watu"

Kabla hujafikiria aibu, fikiria choo. Anayeshika upindo wa gauni, anayevuta suruali, anayezungukazunguka, mara nyingi anatafuta choo na maneno yamemkimbia. Mpeleke. Ukiona inatokea saa zilezile, mtangulie. Baada ya choo angalia joto, nguo iliyolowa au pampasi ya wakubwa iliyojaa, upele kwenye mikunjo, nguo inayobana. Nyingine ni mikono isiyo na kazi: mpe mchele achambue au khanga akunje, hata kama ni zilezile tano. Aina moja ya demensia huanzia sehemu ya mbele ya ubongo na kumwondolea mtu breki ya haya mapema kuliko kumbukumbu. Hapo maonyo hayafui dafu, khanga ya akiba begani mwako ndiyo itasaidia.

Usimfunge nguo kwa nyuma kwa mafundo asiyoweza kuyafungua. Ataihitaji njia ya kwenda haja na hataipata.

Usiku ni jambo lingine, na kwetu lina hatari ambayo vijitabu vya Ulaya havina. Mzee anayekutwa nje usiku wa manane, hana nguo, hajui anakokwenda, akiulizwa anajibu yasiyoeleweka: watu wanajua neno moja la kumwita. Wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi Kilifi na Kisii huko Kenya, na Usukumani huku kwetu. Kwa hiyo usifiche ugonjwa. Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba, kwa mjumbe wetu na kwa imamu, nikasema: mama anaumwa ubongo, anasahau, mkimwona nje mfunikeni mnipigie simu. Wengine walinionea huruma kupita kiasi, ikaniudhi, lakini alipotoka usiku mmoja wa Ramadhani alirudishwa amefunikwa shuka la jirani. Mlangoni weka komeo juu kabisa au chini kabisa, asipopazoea macho yake, na awepo daima mtu ndani anayeweza kufungua upesi moto ukizuka.

"Mmeniibia khanga zangu"

Kazificha, akasahau. Ukijitetea umethibitisha. "Pole mama, tuitafute," mkaanze pamoja: chini ya godoro, ndani ya sufuria, kwenye ndoo ya unga, nyuma ya mtungi. Kila mzee ana ghala lake, ukishalijua mara moja utalirudia siku zote. Jioni jua likizama huenda akazifunga zote furushi, "narudi kwetu." Usimwambie hapa ndipo kwao. Mbebee furushi, mzunguke ua mara mbili, mwulize huko kwao kulikuwa na miembe mingapi.

Viatu

Kandambili zinaangusha wazee, soksi tupu kwenye saruji au vigae zinaangusha zaidi. Tafuta kiatu chepesi cha kisigino kilichoshikwa, soli isiyoteleza. Akikataa kiatu alichokipenda, tazama kucha, vidonda, na kama miguu imevimba jioni. Viweke chini kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto, mbele ya miguu yake hasa, naye mara nyingi ataingia mwenyewe.

Zipo siku ambazo yote haya hayakufua dafu. Mama alishinda na dera la kulalia hadi jioni, nami nikaacha. Wageni wakibisha hodi nilimtupia khanga mabegani na mtandio kichwani, nikamweka kwenye mkeka barazani, akawapokea kwa "karibuni, karibuni" bila kujua ni akina nani, na hakuna aliyemtazama alichovaa chini.